Kipenga cha saa kumi na mbili: twasimama kwa mapenzi, kwa mazoea au kwa woga?

#1 Mwana_Kibokoni
Salaam wanabaraza. Juzi jioni nilikuwa napita karibu na kituo cha polisi hapa mjini Mombasa, bendera ikaanza kushushwa, kipenga kikalia. Mwenye mkokoteni akasimama, mama na mtoto wake mgongoni akasimama, hata kijana aliyekuwa akibishana bei na mwenye machungwa akanyamaza. Kipenga cha pili kilipolia kila mtu akaendelea na lake, kijana na bei yake.

Hoja yangu ni hii: Ukenya wetu haushikiliwi na hotuba za Jamhuri Dei. Washikiliwa na vitu vidogo ambavyo hatuviangalii tena. Kipenga, sarafu mfukoni, namba za magari, taarifa ya habari ya saa moja, picha ya rais juu ya rafu ya sukari dukani. Havitwambii kitu, lakini kila siku vipo. Sasa nauliza: vitu hivi vyatufanya Wakenya kweli, au tumezoeshwa tu? Na kwa sisi wa Pwani vina nguvu ile ile?

#2 Mzee_Mwembe_Tayari
Ni woga, mwanangu. Nyinyi mwakiona kipenga kama desturi nzuri kwa sababu hamkuishi zama za Nyayo, utawala wa Rais Moi. Miaka ya themanini vijana wa KANU, chama tawala, walikuwa wakisimama mlangoni mwa soko wakidai kadi ya chama. Huna kadi, huingii, hata kama umekuja kununua fungu la mchicha. Na bendera ikishushwa nawe unatembea, kibao chaja kabla ya swali. Nilikiona kwa macho yangu mtu mzima akipigwa mbele ya watoto wake. Ile picha ya rais dukani nayo, mwenye duka asiyeitundika alikuwa akijitafutia maneno. Watu walisimama kwa kuogopa, watoto wao wakawaona wamesimama, wakadhani ni mapenzi.

#3 Tuktuk_Bamburi
Shikamoo mzee. Lakini mimi nimezaliwa Moi ameshaondoka madarakani. Sijawahi kupigwa wala kuona mtu akipigwa. Na bado nasimama, hata nikiwa na abiria nazima injini. Huo woga ni wa nani sasa?

#4 Mwalimu_Tudor
Jibu la Tuktuk liko shuleni. Jumatatu na Ijumaa, gwaride, bendera, wimbo wa taifa. Mtoto afanya hivyo tangu chekechea mpaka kidato cha nne. Mikono ubavuni, miguu pamoja, usijikune. Mwili wajifunza kabla akili haijaulizwa. Mimi nasimamia gwaride kila juma, na nawaambia, mtoto wa darasa la pili hajui katiba ni nini lakini ajua kwamba wimbo ukianza haongei.

Na wimbo wenyewe una ladha ya kwetu, maana asili yake ni wimbo wa Kigiriama wa kubembelezea mtoto.

#5 Mto_Tana
Mwalimu, hapo umetudhulumu! Si Wagiriama. Ni wimbo wa Wapokomo, wa mama zetu wa Mto Tana, wa kulaza mtoto. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki ilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa nchi mpya, ikautwaa mtindo ule, ikautilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Nchi kadhaa za Afrika ziliomba watu wa nje au zilichukua tenzi za kanisani. Sisi tulichukua sauti ya mama na mtoto. Bibi yangu alipousikia redioni mara ya kwanza alidhani kuna harusi ya mtu wa kwetu.

Ukenda Hola au Garsen ukawauliza vijana, wengi wajua. Ukiuliza Mombasa, mwalimu mzima akwambia Kigiriama.

#6 Mwalimu_Tudor
Nimesikia, Mto Tana. Jumatatu nitawaambia watoto, na jina la Wapokomo litatajwa mbele ya bendera.

#7 Zamu_ya_Bandarini
Mimi naleta kisa cha nje. Nilifanya kazi ghalani Doha kabla sijarudi hapa bandarini. Kwenye chumba chetu kulikuwa na mtu wa Tanga. Lugha moja, dini moja, pilau moja, hata methali zetu moja. Kwa lugha tulisikilizana kuliko ndugu. Kulikuwa pia na Mjaluo wa Kisumu, Kiswahili chake cha kuungaunga.

Lakini mambo yalipofika kwenye mazungumzo ya usiku, ya mwalimu wa zamu, ya karatasi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya kufungua shule na sanduku la bati, ya kuita hamsini hivi na mia vile, yule Mjaluo ndiye tuliyecheka naye mpaka machozi. Mtu wa Tanga alikuwa akitutazama tu. Wakenya wengine kule tulitambuana kwa bangili ya shanga yenye rangi za bendera, au kwa mtu kutoa majani ya chai ya Ketepa kwenye begi kama dhahabu. Hapa Mombasa sikuwahi kuivaa ile bangili hata siku moja. Kule mke wangu alininunulia, akampa mtu aniletee mkononi, nikalala nayo.

Kwa hiyo namuunga mkono Mwalimu. Ni shule. Lugha peke yake haitoshi.

#8 Katiba_Kichwani
Tusisahau sheria. Kuna Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, na kudharau bendera au wimbo wa taifa ni kosa. Sheria hiyo ndiyo pia yaamua nani apeperushe bendera kwenye gari. Magavana walipoanza kuipachika kwenye magari yao baada ya ugatuzi kulizuka ugomvi mkubwa, wakazuiwa. Kama bendera ingekuwa kitambaa tu, wakubwa wasingeigombania.

Kuhusu sarafu alizotaja #1: Katiba ya 2010, kifungu cha 231, yakataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana mwaka 2018 tukapata sarafu za wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Mwaka 2019 zikaja noti mpya, na watu wakaenda mahakamani kwa sababu jumba la mikutano la KICC la Nairobi limechorwa pamoja na sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele yake. Wakasema sura imerudi kwa mlango wa nyuma.

#9 Mama_Leso
Hizo za wanyama na zile za zamani zote zazunguka mpaka leo dukani kwangu. Bibi mmoja mteja wangu hataki sarafu ya twiga, asema pesa isiyo na uso wa mtu ni ya mchezo. Binti yake naye hajali, aangalia namba tu.

Lakini nimekuja kusema jambo jengine. Mwaka 2004 palikuwa na shindano kubwa la kutafuta vazi la taifa, limegharamiwa na kampuni ya sabuni, wabunifu wametoka pande zote, vazi likatangazwa kwa shangwe. Nionesheni mtu mmoja aliyelivaa harusini. Hakuna! Upande wa pili, leso. Serikali haikuitangaza. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake hapa Mombasa mwaka 1887, mpaka leo jina la biashara hiyo, Mali ya Abdulla, liko ukingoni mwa leso. Leso ikapanda gari moshi ikenda bara yenyewe. Leo nauzia wanawake wa Kitui, wa Meru, wa Kakamega. Mtoto azaliwa, leso. Msiba, leso. Mama yuwenda shamba, leso kiunoni. Wengi hawawezi kusoma jina la leso, yaani msemo ulioandikwa, bila kuuliza, lakini wataka lenye maneno. Mimi nikiulizwa Kenya ni nini, nitaonesha hiyo kabla ya bendera.

#10 Nahodha_Likoni
Nimewasoma wote kwa adabu. Sasa nami nisomwe.

Mwajadili kama kwamba Pwani ilikuwa Kenya tangu Nabii Nuhu. Ngome ya Yesu ilikuwa na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa himaya, bara ilikuwa koloni, na ndiyo maana nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Mkataba wa kuutoa ukanda kwa Kenya ulitiwa saini tarehe 8 Oktoba 1963, kati ya Uingereza, Sultani, Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Miezi miwili baadaye, uhuru. Babu yangu akisafiri kwenda Nairobi alikuwa akisema "naenda Kenya", na hakuwa akitania. Ile kauli ya "Pwani si Kenya" iliyoandikwa kutani miaka ya 2010 na kitu haikuanguka kutoka mbinguni. Watu walikuwa na mashamba bila hati, maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na bandari ambayo faida yake yapanda gari moshi.

Mto Tana asema wimbo ni wetu. Mama Leso asema vazi ni letu. Sawa. Na lugha ni yetu. Tumetoa wimbo, vazi na lugha, tukapewa nini? Mtu kusimama kipenga kikilia si ushahidi kwamba moyo umesimama.

#11 Tuktuk_Bamburi
Nahodha, kwa heshima zote, tarehe 10 Agosti 2025 Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, nani alikuwa amesimama juu ya kiti pale Mtongwe na jezi ya Harambee Stars, sauti imekauka?

#12 Nahodha_Likoni
Mpira ni mpira.

#13 Tuktuk_Bamburi
Na Madagascar walipotutoa kwa penalti robo fainali hukula siku nzima. Shangazi aliniambia.

#14 Binti_wa_Shimoni
Assalam alaykum. Mimi huwa nasoma tu, leo nitaandika kwa sababu ya aliyosema Nahodha.

Mimi ni Mpemba. Nimezaliwa Kwale, mama yangu amezaliwa Kwale. Wazee wetu walikuja na mitumbwi wakifuata samaki kabla mtu hajafikiria mpaka. Mpaka mwaka 2023 serikali ilipotutambua, wengi wetu hatukuwa na kitambulisho. Nawaomba muelewe maana yake. Shuleni nilisimama gwarideni kama mtoto mwengine yeyote, niliimba wimbo wa Mto Tana, nilijua rangi za bendera na maana zake kuliko wote darasani. Nikafika miaka kumi na minane, wenzangu wakenda kupiga picha za kitambulisho, mimi nikaambiwa rudi kesho, kisha rudi mwezi ujao, kisha leta cheti cha babu.

Bila kile kikadi huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Pesa ya samaki yaingia kwenye simu ya mtu mwengine, nawe wamuomba pesa yako. Ukifika jengo la ofisi mjini, askari wa mlangoni ataka kitambulisho akiweke kwenye kisanduku chake ndipo akupe kibandiko cha mgeni. Nyote mwafanya hivyo bila kufikiri. Mimi nilikuwa nabaki nje, namtuma jirani. Baba yangu alikamatwa baharini zaidi ya mara moja, akaitwa mgeni na watu waliokuja Pwani jana.

Wamakonde walitangulia. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona rais, ndipo wakapewa. Walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wamezeeka hapa.

Kwa hiyo mtu akisema mambo haya madogo ni mazoea tu, namuelewa. Lakini ameyaona kwa upande wa ndani. Siku nilipopata kitambulisho nilikwenda benki nisiyokuwa na haja nayo, nikampa askari wa mlangoni, nikaketi ndani mpaka wakaniuliza nataka nini.

#15 Mama_Leso
Binti, machozi yamenitoka hapa dukani. Allah akubariki.

#16 Mzee_Mwembe_Tayari
Pole sana mwanangu Binti.

Niongeze jambo moja. Kitambulisho hicho ni mjukuu wa kipande. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kisanduku cha bati, kimening'inia shingoni kwa kamba kama kengele ya mbuzi. Kiliandikwa ametoka wapi, amefanya kazi kwa nani, mshahara gani. Mzungu hakubeba. Baba yangu alikichukia kitu kile mpaka kufa. Leo wajukuu wake walia kwa kukikosa. Sijui niseme nini juu ya hilo, lakini lazima lisemwe kwenye uzi huu.

#17 Mwana_Kibokoni
Ahsanteni. Binti wa Shimoni ameupa uzi uzito ambao sikuufikiria, na sasa naona hoja yangu ya vitu tusivyoviangalia ina upande wa pili: anayenyimwa huviangalia mchana na usiku.

Nimjibu Nahodha kidogo. Alama hubadilika mwenyewe. Tazama pembe za ndovu pale Moi Avenue. Zilijengwa kwa ajili ya Elizabeth alipozuru Mombasa mwaka 1952, alama ya ukoloni mtupu. Leo mtu wa bara akishuka hapa, picha ya kwanza ni pembe. Hakuna anayemkumbuka malkia.

#18 Mjuzi_wa_Kilindini
Kijana, mwaka ule Elizabeth hakufika Mombasa. Alikuwa karibu na Nyeri baba yake alipofariki, tarehe 6 Februari 1952, akarudishwa kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Meli ilikuwa yamngoja hapa bandarini, akaiacha. Aliyekuja kweli ni mdogo wake, Margaret, mwaka 1956. Na barabara yenyewe ilikuwa Kilindini Road. Kubadilisha jina la barabara pia ni alama, mbona hamkuitaja?

#19 Shangazi_Mtopanga
Nyote mwatazama chini, kwenye sarafu na barabara. Tazameni juu. Mwezi.

Ramadhani ikifika ishirini na tisa, nyumbani kwetu simu zote ziko mkekani. Mwezi waonekana Tanzania, shemeji yangu wa Vanga apiga simu, kesho ni Idi. Vanga na Tanga ni pua na mdomo. Mume wangu asema tungoje Kadhi Mkuu atangaze. Kakangu yeye afuata Makka, ameshafungua. Nyumba moja, Idi mbili, mwaka mwengine karibu tatu. Wale wanaomngoja Kadhi Mkuu, wangoja nini? Wangoja mwezi wa Kenya! Mwezi ni mmoja mbinguni lakini sisi tumeuwekea mpaka wa Lungalunga. Wala hapa hapana kipenga, hapana polisi, hapana shule. Watu wakaa na njaa siku nzima kwa ajili ya tangazo.

Mimi hungoja Kadhi. Sijawahi kuona kwamba ni jambo la taifa mpaka niliposoma uzi huu.

#20 Katiba_Kichwani
Shangazi, umegusa pahali penyewe. Na tazama yalivyofungamana: mahakama za kadhi ni sehemu ya ahadi za ule mkataba wa Oktoba 1963 alioutaja Nahodha, na leo ziko kwenye kifungu cha 170 cha Katiba. Yaani kile kilichobaki cha himaya ya Sultani ndicho kinachowafanya Waislamu wengi wafungue pamoja kama Wakenya.

#21 Nahodha_Likoni
Au ndicho kinachoonesha kwamba Pwani iliingia kwa masharti, na masharti mengine yamesahauliwa. Kifungu kimoja mwakisoma mnavyotaka.

#22 Mbara_wa_Changamwe
Hamjambo. Mimi nimetoka Murang'a, nimeoa hapa, watoto wangu ni wa hapa. Nikienda kwetu wananiita mtu wa Mombasa kwa sababu nawaamkia wazee shikamoo na nakunywa chai ya rangi na mahamri. Nikirudi hapa naitwa mbara. Mahali pekee ambapo sina jina la pili ni ndani ya treni ya Madaraka Express, kati ya Miritini na Syokimau. Hapo ni tiketi na kitambulisho tu.

Kuhusu bendera, nyeupe ile kati ya rangi, wazee wengine husema iliingizwa kwa ajili ya KADU, chama cha Ronald Ngala wenu, kwa kuwa nyeusi, nyekundu na kijani ni za KANU.

#23 Mzee_Mwembe_Tayari
Tulifundishwa nyeupe ni amani. Lakini ya Ngala nimeisikia pia, na Kaloleni ukimkatalia mtu hilo hutapewa mnazi.

#24 Mama_Leso
Mbara, mahamri bila mbaazi ni nusu ya jambo. Na chapati nayo, mwaifanya ya Krismasi kule kwenu kama kwamba mliibuni. Ililetwa na Wahindi, sisi tukaila na maharagwe, nyinyi mkaifanya sikukuu.

#25 Tuktuk_Bamburi
Narudi kwa Mzee na woga wake. Juni 2024, wakati wa ule mswada wa fedha, tulitoka hapa Mombasa kama vijana wa miji mingine. Hatukubeba matawi peke yake. Tulibeba bendera. Mchuuzi aliyekuwa akiuza jezi na miwani kwenye taa za barabarani, wiki ile aliuza bendera tu. Watu walijifunika nazo kama leso. Moshi ulipokuja tuliketi barabarani tukaimba wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza, maana wa pili wengi hawaujui. Walio mbele yetu na rungu, wimbo ulipoanza, wawili watatu nikawaona wamekaza miguu pamoja. Walisimama, wallahi. Mwili umefundishwa, kama alivyosema Mwalimu. Wimbo ulipokwisha wakatufukuza.

Sasa Mzee, kitu kile kile mlichotishwa nacho ndicho tulichokishika sisi. Na kuna wenzetu nchini waliozikwa nacho juu ya jeneza.

#26 Mzee_Mwembe_Tayari
Nimekusoma mara mbili, mjukuu wangu. Zama zetu hakuna aliyeweza kuwaza kuibeba bendera mbele ya polisi bila ruhusa. Bado nasema sisi tulisimama kwa woga. Nyinyi semeni yenu.

#27 Mwalimu_Tudor
Nitawapa gredi ya nane kazi: kila mmoja aandike kitu kimoja nyumbani kwao kinachomwambia yuko Kenya, na bendera hairuhusiwi. Nitawaletea hapa.

#28 Nahodha_Likoni
Waulize pia na kinachowaambia wako Mombasa. Kisha uhesabu kipi waliandika haraka.

#29 Binti_wa_Shimoni
Mwalimu, kama kuna mtoto darasani ambaye wazazi wake hawana vitambulisho, usimsomeshe jibu lake mbele ya wenzake. Nitumie ujumbe, nina namba ya mama mmoja wa Kwale anayesaidia watu kujaza fomu, hatozi kitu.